Siku Nilipozisimamisha Saa Zote kwa Ajili ya Karani

Ghorofani, juu ya Duka la Saa,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpwa wangu mpendwa,

Hujambo, mama? Kifua kimetulia? Barua yako ya mwisho ilisema baridi ya huko imekuingia mpaka kwenye mifupa na kwamba unalala na soksi. Vaa na kofia pia, hakuna atakayekuona. Na je, unakula? Sisemi chai na kipande cha mkate ukiwa umesimama. Nauliza kama unakaa kitako ukala. Mkaza mjomba wako amesisitiza nikuulize hilo mara mbili, kwa hiyo nauliza tena: unakula?

Sisi huku ni wazima. Magoti yangu yananung'unika kila nikipanda ngazi, lakini macho bado yananitii, na kwa fundi saa hilo ndilo la kushukuru. Mkaza mjomba wako aling'olewa jino la nyuma. Anatafuna upande mmoja, ila kusema anasema kwa pande zote mbili. Kazi ipo. Wale walionitabiria kwamba simu zitanifungia duka ndio hao hao wanaopita kuniletea saa za baba zao.

Sasa kaa chini. Nakujua wewe, una tabia ya kurukia mwisho wa barua kabla hujasoma mwanzo. Leo nakuomba usiruke. Habari ni za Karani, sungura wako, na nataka uzipate kwa mpangilio, kama nilivyozipata mimi.

Unakumbuka alivyokuwa akiishi na Mkaguzi, paka wa mkaza mjomba wako. Kila asubuhi Mkaguzi hupita akinusa bakuli, kapu, viatu, na mwisho humnusa Karani masikio, kisha hao wawili hulala chini ya meza ya kulia kama watu wa ofisi moja wakati wa mapumziko. Hatukuwahi kuwatenganisha. Hatukuona sababu.

Basi, mteja mmoja aliniletea saa ya ukutani, kubwa, ya kupiga kengele, ambayo kwao imekaa bubu tangu yeye hajazaliwa. Niliihangaikia mpaka ikakubali. Huko dukani hapana ukuta wa kuitosha, nikaipandisha juu, nikaitundika sebuleni, nikamwita mkaza mjomba wako aje asikie mume wake alivyo fundi. Ikapiga. Ilipiga kwa sauti ambayo hata mimi sikuitegemea. Karani aliruka kutoka usingizini akakata mbio chumba kizima, na Mkaguzi akamfuata. Sidhani alijua anamfuata nani. Kitu kilikimbia mbele ya macho yake, na yeye ni paka.

Mkaza mjomba wako alimdaka paka kwa ngozi ya shingo. Alikuwa akipiga kelele, "Mkaguzi! Huyo ni Karani! Ni Karani huyo!" Lakini meno yalikuwa yameshafika.

Damu ilikuwa kidogo sana, na hiyo ndiyo iliyotudanganya. Mkaza mjomba wako akasema ni mkwaruzo. Mimi sikuridhika, maana saa ikianguka haikuonyeshi kilichovunjika mpaka uifungue. Nikabana lenzi yangu jichoni, nikatenganisha manyoya. Kwenye paja la nyuma ngozi ilikuwa imechanika na kuning'inia, na juu yake kulikuwa na tundu dogo jembamba, lisiloonyesha linaishia wapi. Nikakumbuka ulivyonikabidhi huyu sungura kwa mikono miwili, huku ukijifanya una mafua ili nisione unalia, na mimi nikakuambia nenda mama, utamkuta kama ulivyomwacha.

Daktari wa mifugo alikuja na viatu vyake vya mpira. Ni binti wa umri wako au zaidi kidogo, mwenye sauti ya kuzoea kusema na ng'ombe. Alisema jino la paka huingia kama sindano na kuacha uchafu ndani, na sungura wengi hufa kwa tundu lile dogo, si kwa mchaniko mkubwa. Akamnyoa, akaosha, akashona, akampiga sindano. Mimi nilishika taa.

Mama, nimefungua saa ndogo kuliko ukucha wa kidole changu. Nilidhani nimeona vitu vidogo. Lakini pale palipokuwa pamenyolewa, ngozi ilikuwa nyembamba hata nikaona mishipa ikipita chini yake, na ubavu wake ukidundadunda kwa moyo. Nilijaribu kuyahesabu yale mapigo kwa mshale wa sekunde nikashindwa, yakanipita. Sijawahi kushindwa kuhesabu kitu kinachogonga.

Siku hiyo nyumbani hapakukalika. Nilisema paka aondoke. Mkaza mjomba wako akasema, "Mkaguzi akitoka, na mimi natoka, na chumvi hujui ilipo." Ni kweli sijui ilipo. Tukakubaliana paka abaki juu, Karani ahamie dukani, chini ya meza yangu ya kazi, kwenye sanduku la mbao ninalopokelea vipuri. Mlango wa ngazi ukawa unafungwa kwa ufunguo.

Sasa naja kwenye ujinga wangu. Daktari alikuwa amesema tuhakikishe Karani halambi nyuzi. Yeye hakuwa na kola ya kumkinga mnyama mdogo hivyo asijilambe, akaahidi kuileta akirudi kutoka mashambani. Mimi nikajiona fundi. Nikachukua uso wa saa ya jikoni, ule wa plastiki, nikautoboa katikati, nikauchana upande mmoja, nikazungushia sponji asiumie, nikamvalisha shingoni. Ulimkaa barabara. Kidevu kiliangukia saa sita. Wateja walikuja kumwona, na fundi viatu wa jirani alikuwa akichungulia dirishani na kumwuliza Karani ni saa ngapi. Nilifurahi nusura nimpige picha nikutumie.

Halafu akaanza kuacha majani. Mara ya kwanza aliacha mashina, nikasema anadeka. Mara ya pili hakunusa kabisa. Alijikunja kwenye kona akawa anasaga meno, macho nusu yamefumba. Nami, unajua nilivyo na meza yangu, sitaki hata unyoya wa vumbi, nilikuwa nikifagia lile sanduku kila nikipumzika. Asubuhi moja nilikuta hakuna cha kufagia. Sanduku safi, kavu, kama jipya. Nikafurahi. Mjomba wako, mtu mzima na mvi zake, alifurahi.

Daktari alipoingia aliuliza kwanza, "Nani kamvalisha huyu saa?" Hakucheka. Akaivua, akambonyeza tumbo taratibu, kisha akanieleza jambo ambalo bado nalizungusha kichwani. Kumbe sungura hula chakula chake mara mbili. Zile gololi kavu tunazofagia ni mwisho wa safari. Kabla yake kuna kingine, laini, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, na hicho huinama akakichukua kwa mdomo pale pale kinapotoka, akakirudisha tumboni, maana kimebeba lishe ambayo mara ya kwanza haikuchukuliwa. Bila hicho anadhoofika hata kama bakuli limejaa. Karani alikuwa na maumivu, alikuwa na woga, na juu yake mimi nikamwekea ukuta kati ya mdomo wake na mwili wake.

"Tumbo la sungura halipumziki, mzee," akaniambia. "Likisimama, naye anakwenda. Na la huyu limesimama."

Akampiga sindano ya maumivu na nyingine ya kuliamsha tumbo. Akanionyesha kumsugua ubavu kwa vidole viwili, na kumlisha majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, tone kwa tone, pembeni ya mdomo. Alikuwa na ng'ombe anazaa mahali na ndama amekaa vibaya, hawezi kungoja. Akasema niweke sikio nyuma ya mbavu. Tumbo likifanya kazi litanguruma. Likiwa kimya mpaka machweo, nimpigie, ila nisijipe matumaini makubwa.

Mkaza mjomba wako alikata mkono wa fulana yangu ile ya kijivu ninayoipenda, akatoboa matundu ya miguu, akamvalisha Karani ili asifikie nyuzi lakini ajifikie kwingine. Fulana ikaenda, na iende.

Nikamlaza mapajani, nikainama, nikaweka sikio. Nikasikia saa. Mama, lile duka limejaa saa kutoka sakafuni mpaka darini, na zote zinasema kwa pamoja. Mimi huwa sizisikii, kama wewe usivyosikia damu yako. Siku hiyo nilizisikia zote. Tumbo la Karani lilikuwa dogo mno mbele ya makelele yale.

Kwa hiyo nikazisimamisha. Za ukutani nilishika timazi zake zinazobembea, moja baada ya nyingine, nikazituliza kwa mkono. Za betri nilitoa betri. Za mkononi tulizikusanya kwenye blanketi, mkaza mjomba wako akazipandisha juu. "Fundi, umepatwa na nini?" aliniuliza. Nikamwambia shika hiyo ya mlangoni. Akaishika.

Duka likanyamaza. Tangu nilifungue, sijawahi kulisikia likiwa kimya. Nilisikia kiti kikilia chini yangu. Nilisikia mkaza mjomba wako akipumua kwa pua. Nikainama tena.

Moyo niliusikia, ulikuwa unakimbia. Chini ya moyo hapakuwa na kitu. Nimezoea kuweka saa sikioni na kujua imekwama wapi, kama ni springi, kama ni jino la gurudumu, kama ni mafuta yaliyoganda. Pale hapakuwa na wapi. Nilikuwa nasugua, natia tone la majani, nasugua, nasikiliza.

Mwanzoni nilikuwa natunga barua hii. Nakwambia kweli. Nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza ya kukuambia kwamba amekufa, nikawa naipima kama ni nzito mno kwako uliye peke yako huko. Kisha, sijui ni wakati gani, ile sentensi ikanipotea. Nilikusahau, mama, nisamehe. Nilisahau ahadi. Sikuwa naogopa utaniona vipi. Nilikuwa nataka tu hiki kiumbe kilicho joto mapajani mwangu kisisimame.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye kaunta ndipo nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayefungua bomba nyumba ya pili. Nikainua mkono kumwashiria mkaza mjomba wako asisogee.

"Ni tumbo lako hilo," akaninong'oneza. "Hujala tangu asubuhi."

Ukaja tena. Mrefu zaidi, ukatembea kutoka huku ukaenda kule chini ya sikio langu, ukakata kona. Nikamvuta mkono, akapiga magoti, akaweka sikio lake upande wa pili. Tulikuwa tumetazamana, na Karani katikati yetu, na nikaona macho yake yakijaa. Akasema, "Linatembea." Hakusema kingine, na wewe unajua ni mara ngapi mwanamke huyo husema neno moja akaishia hapo.

Baada ya hapo ikatoka gololi moja. Ndogo, kavu, haina umbo la maana. Mkaza mjomba wako akaiokota kwa kibano changu cha saa za kike, akaiweka juu ya kitambaa cheupe cha kazi, chini ya taa, tukaiinamia wote wawili. Wakati huo huo mwalimu mmoja akaingia kuchukua saa yake. Akaona mishale yote imesimama ukutani, kila mmoja mahali pake, na sisi wawili tumeinama kimya mezani. Akavua kofia. "Jamani, kuna msiba?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, mwalimu," mkaza mjomba wako akamjibu bila kugeuka. "Kuna kinyesi."

Mwalimu akachukua saa yake akaondoka, na nimesikia mtaa mzima umeshapata habari, kila mtu kwa jinsi yake.

Sijui nikueleze vipi nilivyokuwa. Mimi ni mtu wa vyuma. Kitu kikikwama mbele yangu, kinakaa hapo kilipokwama mpaka mimi nije na bisibisi. Hicho ndicho ninachokijua kuhusu dunia, na kimenilisha. Hiki kilisimama, kisha kikaanza chenyewe, kutoka ndani, gizani, ambako mkono wangu hauwezi kufika. Dawa ilisaidia, najua, na kusugua kulisaidia. Lakini mimi nilikuwepo, sikio langu lilikuwa hapo, na naapa hapakuwa na mtu aliyekianzisha. Niliogopa. Niliogopa kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta uwanja. Saa sikuzirudisha kwenye mwendo siku hiyo, zikalala kimya mpaka kesho yake.

Tangu hapo nimekuwa nikilitazama lile jeraha kwa lenzi kila asubuhi kabla ya kufungua. Mwanzoni kingo zilikuwa mbali, nyekundu, kila mmoja upande wake. Kisha kukatokea ukungu mwembamba katikati, unaong'aa. Kisha ukungu ukawa ngozi. Sikuwahi kuikuta ikifanya kazi, kila nikitazama inakuwa imeshafanya. Nyuzi zimetoka. Tundu la jino limeziba kutoka chini kuja juu, kama daktari alivyotaka, na manyoya yameota tena, ila yameota meusi, kwa hiyo Karani wako mwenye rangi ya majivu sasa ana kiraka pajani. Anachechemea kidogo akiamka. Akipata moto, anaruka kama zamani, na jana alipiga teke kopo la mafuta ya saa likamwagika lote.

Mkaguzi bado yuko juu. Hukaa nyuma ya mlango wa ngazi akinusa ufa wa chini, na Karani huku chini hunusa upande wake. Sijafungua. Sina kinyongo na paka yule. Jioni hula kipande cha nyama kiganjani mwa mkaza mjomba wako kwa meno yale yale, na hamkwaruzi hata kidogo. Hilo nalo silielewi, na nimeacha kujifanya naelewa.

Mama yako anakusalimu. Ukimwandikia, usitaje haya kwa kirefu, maana nilimwambia Karani alikuwa na homa tu, na sasa nimekwama na homa hiyo. Babu anakusalimu, anasema wakati wake sungura walikuwa hawalazwi. Fundi viatu anauliza kama huko uliko viatu hushonwa au hutupwa. Mkaza mjomba wako anakusalimu mara nyingi kuliko karatasi ilivyobaki, na anauliza tena kama unakula.

Limebaki swali lako. Nimelizunguka barua nzima, na karatasi inaniishia. Umeandika kwamba umepata chumba ambacho mwenye nyumba haogopi wanyama, na ukauliza kama uje kumchukua Karani muhula ukiisha.

Njoo, mama. Ni wako. Nimeshamuuliza daktari, amesema safari ataiweza ikiwa atapata majani njiani na hatavishwa kitu shingoni. Sanduku la kumsafirishia ninalitengeneza mwenyewe, lina madirisha. Nina ombi moja tu, na usinicheke. Ukifika, mwambie mkaza mjomba wako anitume sokoni kutafuta kitu kisichopatikana upesi. Mchukue wakati huo, mwende, wala usiningoje nirudi. Nikiwepo nitaomba nimsikilize mara moja ya mwisho, na sijui kama nitaweza kuinua kichwa.

Mungu akulinde ukilala na ukiamka, akukinge na baridi hiyo, akufanikishie mitihani.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kusema,

Fundi